Siku ya Sanduku la Heth

Saa tatu asubuhi niliingia chumba cha kusomea nyaraka adimu katika Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville, Marekani, nikiwa na penseli mbili tu na karatasi tupu. Mkoba ulibaki kwenye kabati la nje, na kalamu ya wino pia, kwa sababu tone moja likidondoka kwenye karatasi ya miaka 200 halitoki tena. Nilikuja kwa ajili ya karatasi za biashara za Harry Heth, mwenye mashimo ya makaa ya mawe ya Black Heath katika kaunti ya Chesterfield, karibu na Richmond.

Kabla hata ya kufungua jalada, kuna mtego wa jina. Harry ni Henry, na mjukuu wake aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini pale Gettysburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ni Henry Heth vilevile. Mwenye mgodi alifariki 1821. Jenerali alizaliwa 1825. Basi karatasi yoyote ya kabla ya 1821 haiwezi kuwa ya jenerali, hata jina liwe lilelile. Tarehe hizo mbili niliziandika juu kabisa ya ukurasa wangu wa kwanza.

Karatasi za enzi ile zilitengenezwa kwa matambara, kwa hiyo zenyewe ni imara. Kinachoziua ni wino. Ulikuwa na chuma na asidi, na pale mwandishi alipokandamiza kalamu ya unyoya, asidi hula karatasi hadi herufi inadondoka na kuacha tundu lenye umbo lake. Ndiyo maana hufungui barua kwa kuvuta pembe. Unaishika kwa mikono miwili mikavu iliyonawiwa, mkunjo mmoja kwa wakati, na unaangalia ilipokuwa lakiri, maana hapo ndipo karatasi huchanika. Glavu za pamba sikuvaa: hupunguza hisia za vidole, na kwenye karatasi ndiyo huleta michaniko.

Shida ya kwanza ilikuwa fedha. Dola ilikuwa sarafu rasmi, lakini wafanyabiashara wa Virginia waliendelea kwa miaka mingi kuhesabu kwa pauni, shilingi na peni za kwao. Mtu wa Kenya hapati taabu kukumbuka kwamba pauni ni shilingi 20. Wazee wetu bado wanasema hivyo. Kosa hutokea kwenye kubadilisha. Shilingi 6 za Virginia zilikuwa dola moja, ilhali kwa fedha ya Uingereza dola ilikuwa shilingi 4 na peni 6. Chukua pauni 2, shilingi 8 na peni 6 (nusu shilingi): kwa Virginia ni dola 8 na senti 8, na ukitumia kiwango cha London unapata dola 10 na senti 78. Ukikosea mstari wa kwanza, mgodi mzima unatajirika bure. Tena, ukikuta 4/6 kwenye hesabu hizi za Virginia, si sehemu wala tarehe. Ni shilingi 4 na peni 6, yaani senti 75.

Kisha kipimo. Makaa ya huko yaliuzwa kwa busheli, kipimo cha ujazo kama pishi yetu, na kila anayejua pishi anajua ugomvi wake: imejazwa ikafurika kwa kilima, au imefutwa juu ikawa sawa? Mabonge makubwa huacha nafasi kati yake. Yakipakiwa kwenye mikokoteni na kutikiswa hadi gati la Manchester, ng'ambo ya mto James kutoka Richmond, huvunjika na kujipanga, na busheli zilizohesabiwa shimoni hupungua bila mtu kuiba hata bonge. Kwa makadirio ya ratili 80 kwa busheli, tani ya ratili 2,240 ni busheli 28. Ukiona hesabu mbili zinatofautiana, uliza kwanza zilipimwa wapi, ndipo umfikirie mwizi.

Muda mwingi niliutumia kwenye hesabu za kukodi watu. Mgodi ulichimbwa na watumwa, wengine wa Heth, wengine wa kukodi kwa mwaka: kuanzia Januari mosi hadi Krismasi. Mkodishaji alipewa hati ya ahadi ya malipo, na kwa kawaida mkodi alijifunga kutoa chakula, nguo, viatu na blanketi. Baadhi ya wenye watumwa walikataa watu wao washushwe shimoni, wakijua gesi na maji yalivyoua. Hawakukosea: mlipuko wa 1839 pale Black Heath uliua watu zaidi ya 50, wengi wao watumwa.

Katika orodha moja nilikuta "do" imejirudia chini ya mstari wa kwanza. Mwanzoni niliinakili kama sehemu ya jina, na safu ya mwenye mtu nikaiacha wazi kwenye mistari iliyofuata. Saa sita nilirudi juu nikaangalia tena. "Do" ni kifupisho cha "ditto", yaani "kama hapo juu". Kwenye safu ya kwanza ilirudia maneno ya kukodi. Kwenye safu ya mwisho ilirudia jina la bwana. Watu ambao mimi niliwaandika kama wasio na mwanzo walitoka kwa mtu mmoja, wakaingia mgodini mwaka mmoja. Wenye mali wameandikwa majina mawili na sahihi. Waliochimba wana jina moja, kisha bei.

Nilifuta yote kwa raba, mbali na meza ya nyaraka ili mabaki yasiangukie karatasi, nikaanza upya. Safari hii kila "do" niliiandika kwa urefu wake, mstari kwa mstari, na jina la mchimbaji nikaliweka safu ya kwanza. Saa kumi na nusu nilirudisha jalada, karatasi zikiwa kwenye mpangilio uleule niliozikuta.