Si kila mkwaruzo ni vumbi

Leo mezani, hapa Dodoma: priampu (kikuza sauti cha awali, kabla ya ampu kubwa) ya miaka ya 70. Upande wa kushoto unakwaruza ukizungusha volyumu.

Waya za kuingiza zikahamishwa, kushoto kwenda kulia: ubovu umebaki kushoto. Za kutoka zikahamishwa: ukahamia spika ya kulia. Basi umo humo humo ndani.

Wengi hapa hukimbilia kupuliza dawa ya kusafishia volyumu. Vumbi letu linasingiziwa mengi jamani!

Mita kwenye volti za DC (umeme kama wa betri), mguu wa kuingilia wa volyumu: 1.4. Panatakiwa milivolti chache tu. Kapasita ya 10 µF iliyo kabla yake, ya kuzuia DC, inavujisha, na DC hiyo ndiyo inayokwaruza. Hapo hata umalize chupa, mkwaruzo utarudi.

Kapasita mpya ya volti 50 ikawekwa, chanya upande wa transista: mita sasa 0.002.

Nyie mnaanza na dawa au mita?