Mtutu mfupi na baruti ya polepole: nilivyojisumbua bure

Bunduki yangu ina mtutu wa inchi 18. Niliuziwa mwaka juzi na mzee mmoja aliyekuwa anaacha mchezo wa shabaha, na makaratasi ya Bodi ya Leseni za Silaha yalinichosha kuliko bei yenyewe. Inakula .308 Winchester, aina ya risasi za bunduki ndefu, sawa na ile ya rafiki yangu niliyojifunzia, ila yake ina mtutu wa inchi 24.

Siku ya kwanza nilipoilaza kwenye mifuko ya mchanga uwanjani, kule upande wa Kiambu, nilifyatua mara moja tu na benchi zima la jirani likageuka. Ilikuwa Julai, mawingu yamelala chini kama kawaida ya Nairobi mwezi huo, kwa hiyo moto ulionekana vizuri: ulimi wa rangi ya chungwa mbele ya mtutu, kisha mshindo unaokupiga usoni kama mtu amekufungia mlango.

Pale uwanjani kuna mzee ambaye humkosi Jumamosi yoyote, yeye na chupa yake ya chai. Akasogea, akatikisa kichwa. "Kijana, baruti yote inaungulia nje hiyo. Mtutu mfupi unataka baruti inayowaka haraka. Hizo risasi zako ni za mtutu mrefu."

Nikamwamini, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu maneno yale yana mantiki. Baruti ya polepole inahitaji muda, mtutu mfupi hauna muda, basi badilisha baruti. Shida ni kwamba mimi sijazi risasi mwenyewe. Leseni yangu ni ya kumiliki na kununua, si ya kutengeneza, na sanduku la kiwandani halikuambii ndani mna baruti gani. Nikajitungia ujanja: nikanunua zenye kichwa chepesi, greini (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) 150 badala ya 168, nikidhani huenda zimejazwa baruti ya haraka zaidi. Masanduku mawili. Moto uleule, mshindo uleule, na matundu kwenye karatasi yakatawanyika kuliko mwanzo.

Kaka yangu yuko Texas, na huko anajaza maganda yake mwenyewe kwenye gereji, jambo la kawaida kwao. Nilimpigia usiku, kwake bado ni mchana, nikamweleza yote mpaka la mzee na chai. Alicheka sana.

"Umepima mwendo wa risasi?"

"Sijapima, kaka."

"Basi mdogo wangu, bado hatujaanza kuzungumza."

Nikaazima kronografu, kile kifaa chenye miguu mitatu kinachosoma risasi ikipita juu ya macho yake mawili. Nikakiweka hatua mbili mbele ya mtutu ili nisikikose. Kosa. Risasi ya kwanza ikasomeka mita 1,140 kwa sekunde, kasi ambayo bunduki hii haiwezi hata ndotoni. Ya pili ikaleta neno la hitilafu tupu. Ya tatu mshindo ukakiangusha kifudifudi kwenye nyasi. Kumbe kilikuwa kinasoma gesi na mtikisiko wa hewa badala ya risasi. Nikakisogeza hatua tano, nikakiwekea jiwe miguuni, kikatulia.

Kwa risasi zilezile za greini 168, kutoka sanduku moja, mtutu wa rafiki yangu ulitoa wastani wa mita 806 kwa sekunde. Wangu ulitoa 764. Gawanya kwa inchi sita za tofauti: kila inchi imenila mita saba hivi. Kaka akasema hiyo ndiyo hasara ya kawaida kwa .308, na kwamba risasi za magnum, zenye ganda kubwa na baruti nyingi, hupoteza zaidi mtutu ukikatwa.

Lakini kilichonifungua macho ni jaribio alilofanya yeye wikendi ile, maana ana mitutu ya urefu wote miwili. Alijaza kichwa kilekile kwa baruti mbili, Varget na 4198. Hiyo 4198 inawaka haraka zaidi. Kila moja aliijaza kwa kufuata kitabu cha vipimo, bila kuvuka shinikizo linaloruhusiwa. Kwenye mtutu mrefu Varget ilitoa 810 na 4198 ikatoa 766. Kwenye mfupi, Varget 765, 4198 ikabaki 734. Soma hapo vizuri. Baruti ya haraka imepoteza kidogo, pengo limepungua kutoka 44 hadi 31, ila haijaipita mwenzake.

Sababu yake alinieleza kwa meseji ya sauti ya dakika tisa, mbwa akibweka nyuma. Shinikizo hufika kileleni mapema mno, kichwa cha risasi kikiwa kimesogea sentimita chache tu, na sehemu kubwa ya baruti inayoweza kuungua huungua hapo karibu na chemba, yaani pale ganda linapokaa nyuma ya mtutu. Inchi 18 ni karibu sentimita 46, kwa hiyo mtutu mfupi na mrefu wote wako mbali na kile kilele. Kinachokuzuia usijaze zaidi ni shinikizo. Baruti ya haraka inapiga kilele kwa kiasi kidogo, kisha inachoka. Ile ya polepole unatia nyingi zaidi kwenye ganda kabla ya kufika kiwango kilekile, na inaendelea kusukuma.

Na moto je? Mwingi ni gesi moto inayotoka bado ina shinikizo, ikikutana na oksijeni ya nje na kuwaka upya. Hapo mzee wa chai ana haki nusu: baruti ya haraka huacha shinikizo dogo mdomoni mwa mtutu, na baruti nyingine huchanganywa chumvi za kuzima mwako. Mtu anayelenga jioni ana sababu ya kuzitafuta. Mimi nalenga saa nne asubuhi.

Nikarudi kwenye greini 168. Nikarekebisha darubini upya kwa kasi ya 764, nikabandika karatasi ya marekebisho kwenye kitako kwa mita 100, 200 na 300. Nikanunua vizibo vya masikio vya kuvaa chini ya vile vya kufunika, maana mshindo haukuondoka na hautaondoka. Kwa adabu sasa najilaza benchi la mwisho kabisa.

Daftari nililoandikia vipimo hivyo nilimpelekea mzee wa chai Jumamosi iliyofuata. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye namba zote, akanimiminia chai.

"Hicho kifaa," akasema, "si ni kilekile kilichoanguka?"