Nilivyomtoa Yelich

Julai 2018 nilikuwa na mwaka mmoja na miezi tangu nitoke Morogoro. Nilifanya kazi ghalani kaskazini mwa Kentucky, ng'ambo ya mto tu kutoka Cincinnati. Wenzangu wa zamu ya asubuhi walikuwa wameniingiza kwenye fantasi yao ya besiboli. Tulikuwa watu kumi. Kila mmoja alichagua wachezaji wake mwezi Machi, na wanachofanya wale wachezaji uwanjani ndicho kinachokuletea pointi.

Nyumbani nilizoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambako mimi, wewe na jirani yako sote tunaweza kuwa na Salah yuleyule. Huku mchezaji akishakuwa wangu hakuna mwingine mwenye naye, na anayemtaka lazima aje tuzungumze. Hilo lilinivutia kuliko mchezo wenyewe. Wiki ile likaninyima usingizi.

Aliyenijia alikuwa mzee mmoja dereva wa foklifti, mkazi wa Covington. Nilikuwa namwita Mzee, na baada ya kuelezwa maana yake alilipenda sana jina hilo. Ni yeye aliyenifundisha besiboli, saa ya chakula, akichora vituo vinne kwa kalamu nzito juu ya boksi. Sasa alimtaka Christian Yelich wangu, mpigaji wa Milwaukee Brewers. Mimi angenipa Jacob deGrom wa New York Mets, mrushaji, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira.

Ligi yetu ilikuwa na vipengele kumi, vitano vya wapigaji na vitano vya warushaji. Anayeongoza kipengele anavuna pointi 10, wa mwisho anaambulia 1. Kwa hiyo unampima mchezaji kwa ngazi atakazokupandisha, hata kama kuna mwenye jina kubwa kumshinda. Nilichukua daftari nikapiga hesabu. Kwenye hom rani, yaani mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja, nilikuwa wa pili, na wa tatu alikuwa mbali nyuma yangu. Kwenye wastani wa mikimbio (alama za besiboli) ambayo warushaji wanaruhusu, na ukiwa mdogo ndio bora, nilikuwa wa tisa, lakini timu nne zilizokuwa juu yangu zilibanana kama abiria wa daladala. Mrushaji mmoja wa nguvu angenivusha zote.

Na deGrom alikuwa wa nguvu kweli. Hadi mapumziko ya katikati ya msimu wastani wake ulikuwa 1.68, yaani hata mikimbio miwili haifiki kwa mchezo mzima. Lakini mechi alizohesabiwa kushinda zilikuwa 5 tu, na za kushindwa 4, kwa sababu wapigaji wa Mets hawakumsaidia, na ushindi nao ulikuwa kipengele. Mzee alikuwa amechoka kusubiri. Yelich alikuwa na wastani wa kupiga wa .292, yaani alifanikiwa karibu mara 29 kwa kila 100, na hom rani 11. Mzuri, ila hakuna aliyekuwa akimwogopa.

Moyo wangu ukasita hapo. Nilijua kwamba mrushaji hategemewi kujipigia mikimbio, na bahati ya deGrom ingeweza kugeuka wakati wowote. Niliona kama Mzee anauza ng'ombe wa maziwa kwa sababu ndoo imetoboka, na mnunuzi ni kijana aliyemfundisha kukamua.

Nikampigia kaka yangu Morogoro.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona usiku?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa subira, kisha akauliza, "Ukimtoa huyo, humpati tena?"

"Simpati."

"Basi hicho ni kiwanja. Usiuze kiwanja kabla hujakaa na mwenzako mkatazamana. Mwambie unachokijua."

Jumanne ya tarehe 17 ilichezwa mechi ya nyota wote huko Washington. Wote wawili walikuwamo. deGrom alipigwa hom rani na Mike Trout. Usiku ukiendelea, Yelich naye akapiga ya kwake. Mechi ile haihesabiwi kwenye fantasi, lakini nilikaa mbele ya runinga kama mtu anayesomewa hukumu. Pia nilikuwa nawaza kiwiko cha deGrom, kilichofanyiwa upasuaji mwaka 2010 na kumweka nje siku chache mwezi Mei.

Kesho yake nilimwambia, "Mzee, kukosa ushindi si kosa la deGrom. Ukimwachia leo, huenda ukajuta."

Aliniangalia kwa muda. "Najua, kijana. Warushaji ninao. Sina wapigaji."

Tukapeana mikono palepale, kando ya foklifti.

Yelich aliyetoka kwenye mapumziko yale alikuwa mtu mwingine. Msimu ulipoisha alikuwa na hom rani 36, akawa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za besiboli. deGrom alimaliza na 1.70, akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, akiwa na ushindi 10 tu. Kila mmoja, kwenye tuzo yake, alipata kura 29 kati ya 30 za nafasi ya kwanza. Mimi nilipanda kutoka wa tisa hadi wa tatu kwenye kile kipengele.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Agosti 29. Brewers walikuja Cincinnati, na Mzee akaninunulia tiketi, jukwaa la juu. Yelich alikwenda kupiga mara sita na mara zote sita alifika kituoni kwa kipigo chake mwenyewe: cha kituo kimoja, cha viwili, cha vitatu, na hom rani juu yake. Brewers walishinda 13 kwa 12, katika kipindi cha kumi, kimoja zaidi ya tisa vya kawaida. Mzee alisimama na kofia mkononi, na mimi nilikuwa nimesimama kabla yake, nikipiga kelele kwa Kiswahili.

Tulirudi kwa miguu kupitia daraja la Roebling. Katikati ya daraja alipunguza mwendo.

"Jana deGrom wako aliwatoa wangapi kwa straiki kule Chicago?"

"Kumi. Vipindi vinane, mkimbio mmoja."

"Na mkimbio wa Mets?"

"Aliuleta yeye mwenyewe, kwa gongo lake."

"Na ushindi hawakumpa."

"Hawakumpa, Mzee. Mvua ilikatisha mechi, leo wakaimalizia na kufungwa."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa uchungu wa mwenye mali. Tukaendelea kutembea kuelekea Covington.