Rekodi za kiduha zilizopotea: jinsi nilivyozipata

Ukiulizia Scrophulariaceae, jina la familia ya mimea, kwenye hifadhidata ya sampuli za mimea mikavu hapa Nairobi, rekodi za kiduha, yaani gugu la Striga, hazitokei, ilhali lebo za zamani za sampuli hizo zinataja familia hiyo hiyo. Kusahihisha tahajia hakukusaidia. Kilichofaa ni kutafuta kwa jenasi, yaani kundi dogo ndani ya familia, kwa sababu jenasi kadhaa zimehamishwa familia. Striga, Cycnium, Alectra na Rhamphicarpa sasa ziko Orobanchaceae. Veronica iko Plantaginaceae. Buddleja ndiyo iliyoingia Scrophulariaceae. Kisha weka safu mbili: familia ya lebo, ambayo huigusi, na familia ya sasa. Siri iko hapo: ukifuta ya zamani, kabati la sampuli na kompyuta havitapatana tena. Penye shaka, fungua sampuli yenyewe. Kwa mfano, Cycnium tubulosum ikikauka huwa nyeusi tititi, hata ua lililochumwa likiwa jeupe pe.