Mtoto aliyeomba samahani kwa kuuliza

"Samahani mwalimu." Hayo maneno mawili ndo yamenikaa kichwani wiki nzima. Dada kajifungua salama, mkuu wetu wa shule katangaza kwamba anahama, mitihani ya katikati ya muhula nimeshasahihisha yote, na bado nikizima taa usiku ninachosikia ni sauti ya mtoto wa darasa la tatu akiniomba samahani kwa sababu kauliza swali.

Mnamjua, ni yule wa dawati la dirishani, ndo niliwaandikia habari zake alipotaka kujua bahari inaishia wapi akakataa jibu langu la kwanza na la pili. Haongei sana, akinyoosha mkono basi ujue kitu hicho kakizungusha kichwani muda mrefu.

Ilikuwa kipindi cha mito. Nilikuwa nimetundika ile ramani kubwa ya Afrika, yenye kitambaa nyuma na fito juu na chini, kwenye misumari yake miwili juu ya ubao, naufuatisha mto Nile kwa kijiti. Nikaanza Ziwa Viktoria, nikapita Uganda, nikaingia Sudan Kusini, nikafika Khartoum pale Nile Nyeupe inapokutana na Nile ya Buluu iliyotoka Ziwa Tana kule Ethiopia, nikaenda hadi Misri mto unapojimwaga Mediterania. Mkono ukanyooka. "Mwalimu, maji yanapandaje?"

Nikamuuliza yanapanda wapi. Akasimama, akanyoosha kidole hewani, akakianzisha chini kabisa, akakipandisha polepole kwa kufuata njia ileile niliyopita na kijiti, na zile kona za mto hakuziruka. "Umeanzia chini, umefikia juu. Maji si huwa yanashuka?"

Jamani. Watoto wote waligeuka kuitazama ramani upya, niliona macho yao yakipanda na kushuka. Mimi nilikuwa tayari natabasamu, maana swali la namna hiyo mwalimu wa jiografia analisubiri. Ila kabla sijafungua mdomo, mwenzangu mmoja aliyekuwa kaingia kuchukua madaftari yake kabatini akamjibu, tena bila kugeuka: "Mto haupandi wewe, kaa chini usimpotezee mwalimu muda." Darasa likacheka. Mtoto akawa anakaa, na katikati ya kukaa akaniangalia mimi, wala hakumwangalia yule aliyemsema, akatamka: "Samahani mwalimu."

Nilimwambia palepale, kwa sauti ya darasa zima kusikia, kwamba hilo ndo swali bora la muhula huu na nitalipa kipindi chake lenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Lakini mnajua wenyewe, sifa ikija baada ya kicheko ni mwavuli baada ya mvua, mtoto keshalowa. Kipindi kilichobaki alikuwa anachora vimstari pembeni mwa daftari na mkono haukunyooka tena.

Nimelirudia hilo tukio mara nyingi mpaka sasa najua hata mlango wa kabati ulilia saa ngapi. Kinachonishika ni kwamba samahani ile ilikuja kwangu. Kama angemwomba yule aliyemkaripia ningeelewa, mtoto kakaripiwa na mkubwa kaomba radhi, basi. Lakini aliniomba mimi niliyekuwa namtabasamia, maana yake katika ile sekunde moja aliamini kwamba mimi na yule tuko upande mmoja na yeye yuko upande wa pili peke yake na swali lake. Ana miaka minane. Sijui ni wapi mtoto wa miaka minane anajifunza kwamba kutoelewa ni kosa la kumkosea mtu, ila anapojifunzia ni karibu, ni humuhumu tunamokaa naye sisi wakubwa.

Mchana ofisini nilizungumza na mwenzangu. Simsemi vibaya, ni mtu mwenye kazi nyingi na siku hiyo alikuwa na vipindi mfululizo. Akaniambia, "Mwalimu, hawa bado wadogo, wape majina ya mito na milima wakariri, wakikua wataelewa." Nikamwambia mimi naona kinyume chake. Majina atayapata siku yoyote, hata ukubwani, kitabu kipo. Ila jicho la kuitazama ramani na kuona kwamba kuna kitu hakikai sawa, hilo ukilifumba akiwa na miaka minane huna uhakika kama litafumbuka tena. Akacheka kidogo akasema tutaona. Tukaachana vizuri tu.

Halafu fikirieni alichokiona yule mtoto. Aliambiwa ramani ni picha ya nchi. Akaona picha imesimama wima ukutani. Akaona mto umeanza karibu na sakafu na kumalizikia karibu na dari. Na maji anayajua, kila siku anayaona yanavyofanya. Akaunganisha vyote vitatu akapata hesabu isiyokubali, na hajakosea hata hatua moja! Sisi wakubwa tumeizoea ramani ya ukutani kiasi kwamba hatuoni tena kuwa imesimama. Dunia imelala chini ya miguu yetu, tumeinyanyua karatasi ili darasa la watoto wengi waione, basi kaskazini ikaenda kukaa karibu na dari. Mtoto alikuwa anauliza habari ya ukuta.

Usiku sikulala mapema, nikakaa na vitabu. Ziwa Viktoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Khartoum ni kama mita 380, na Mediterania ni sifuri. Kwa hiyo maji yanashuka njia nzima, ila yanashuka taratibu mno. Mto wote, ukianzia vile vijito vya mbali vinavyolilisha ziwa, unahesabiwa kama kilomita 6,650, na hata ukiondoa kipande cha nyuma ya ziwa bado mteremko wa wastani unakuja karibu sentimita 20 kwa kila kilomita. Nilichukua rula ya mtoto, ile ya sentimita 30, nikaweka kidole kwenye 20 nikaitazama. Yaani unatembea kilomita nzima na ardhi imeshuka urefu huo tu! Najua ni wastani, kuna mahali mto unadondoka kwa mkupuo, pale Murchison huko Uganda unaanguka mita 43, lakini hiyo rula ilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichosoma usiku ule.

Na nikakuta kwamba huyu mtoto hayuko peke yake wala hayuko nyuma. Sehemu ya kusini ya Misri ya kale huitwa Misri ya Juu, kwa sababu juu hapo ni kule mto unakotoka, na ile ya kaskazini yenye delta ndo Misri ya Chini. Al-Idrisi naye, yule mwanajiografia Mwarabu aliyemchorea ramani mfalme Roger wa Pili wa Sicily, kazi yake ilikamilika mwaka 1154, ramani yake imeweka kusini juu na wala hakuna maji yaliyomwagika. Hata ile picha maarufu ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, yenye Afrika na Rasi ya Arabuni na ncha ya kusini nyeupe kwa barafu, ilivyotoka kwenye kamera ilikuwa na ncha ya kusini juu, wakaigeuza ndipo watu wakaizoea. Nilisoma nikiwa nimekaa kitandani nataka nimwamshe mtu nimwambie.

Basi Alhamisi tulisukuma madawati yote ukutani. Nikawaambia wavue viatu. Tukaishusha ramani, tukaitandika katikati ya sakafu, na kwanza nikawaacha tu wakae kuizunguka. Nikatoa dira, ile ndogo ya sindano nyekundu, wakaizungusha mmoja mmoja wakihangaika kuiyumbisha sindano na sindano inarudi palepale. Kisha tukaigeuza ramani yenyewe, wanne wameshika pembe, mpaka kaskazini ya ramani ikatazama kaskazini ya kweli. Ikawa imekaa mshazari kabisa na chumba, haifuati ukuta wowote, na hapo ndo mmoja akasema "aaah" kwa sauti kama ya mtu mzima.

Nilikuwa nimeandaa vipande vya karatasi vitatu vyenye namba kubwa kubwa. 1,134 wakaiweka ziwani, 380 wakaiweka Khartoum, 0 wakaiweka baharini. Nikauliza ipi kubwa. Wakajibu. Ipi ndogo. Wakajibu. Sasa maji yataenda wapi? Walipiga kelele mpaka darasa la jirani likachungulia. Tukataja na mito mingine inayoenda kaskazini, Rhine inayotoka Alps kwenda Bahari ya Kaskazini, na ile mikubwa ya Siberia, Ob na Yenisei na Lena, inayoishia kwenye Aktiki. Nikawaonyesha ile picha ya 1972 jinsi ilivyotoka kamerani. Wakasema mwalimu umeishika kichwa chini. Nikawauliza huko angani kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, wakanyamaza, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na nikawaacha wabishane.

Yeye muda wote huo kimya. Alichutama karibu na Uganda, magoti yamegusa kidevu, anafuatisha ule mstari wa buluu kwa ncha ya kidole bila kuugusa. Moyo wangu ulikuwa unanidunda kweli, nikawa najitahidi nisimwangalie sana asije akajiona anasubiriwa. Wenzake wakawa wanapokezana kuutembea mto, kutoka ziwani hadi baharini kwa soksi. Ilipofika zamu yake akasimama kwenye ziwa, akapiga hatua moja, mbili, akafika Sudan Kusini akagoma hapo. Akanyanyua uso.

"Mwalimu, hapa maji yanakimbia au yanatembea?"

Hakuna aliyecheka! Na hapo alipogoma, kati ya sehemu zote za mto mzima, ni palepale penye Sudd, lile bwawa kubwa la mafunjo na magugu ambamo Nile Nyeupe inasambaa na kupotea njia, na karibu nusu ya maji yanayoingia humo yanapanda hewani kama mvuke kabla hayajatoka upande wa pili. Sidhani kama alijua. Ramani ina vijistari vya kinamasi mahali hapo, huenda alivishangaa. Nikamwambia yanatembea, na hapo ulipo ndo yanatembea polepole kuliko pengine pote. Nikatoa rula, nikamwonyesha sentimita 20, nikamwambia fikiria mwendo wa kama robo saa, ardhi inashuka hivi tu. Akaichukua ile rula. Akaisimamisha sakafuni, akalaza shavu lake chini kabisa kuiangalia kwa ubavu, akakaa hivyo huku foleni ya wenzake imesimama Ethiopia. Kisha akasema, "Kwa hiyo yanashuka lakini yenyewe hayajui." Akaendelea na safari yake kwenda Misri.

Hiyo sentensi nimeiandika nyuma ya maandalio yangu ya somo. Toka Alhamisi nazunguka nayo. Nimemsimulia dada akiwa kitandani na mtoto wake mchanga, akanisikiliza nusu, halali yake. Nimemsimulia na yule mwenzangu wa kabatini, na alinishangaza, akauliza kama anaweza kuazima dira kwa darasa lake la hesabu, anataka kufundisha pembe. Nimempa.

Jumatatu naendelea na mito, nataka tutoke nje tujenge mlima wa mchanga tumwage maji kwa birika waone yanavyochagua njia, na nataka nimsimulie yule wa dirishani kwamba kwenye Nile upepo kwa kawaida unavuma kutoka kaskazini, ndo maana tangu zamani mashua zilitweka tanga kwenda kusini na kurudi kwa mkondo wa maji, upepo na maji vikigawana kazi. Nina hakika ataniuliza kitu ambacho sijakisoma. Najikuta natamani wikendi iishe, na mnajua mimi siyo mtu wa kutamani wikendi iishe.

Ningelala nimeridhika kama siyo Mama. Majibu ya macho yake yametoka jana. Nimempigia, kaniambia tutaongea nikifika. Nikamuuliza, ni mazuri? Akasema wewe njoo tu mwanangu, akaanza kuniuliza habari za mtoto wa dada, kama kafumbua macho vizuri, kama anafuata mwanga. Mama kila kitu hunieleza kwenye simu, hata yasiyonihusu. Nimeangalia usafiri, wa mapema ni kesho alfajiri. Begi liko mlangoni na nimeshamtumia ujumbe kwamba nakuja, hajaujibu, na sijui kama hajaujibu kwa sababu kalala au kwa sababu hawezi tena kuusoma.