Nilivyomchagulia mbwa wangu kinga ya minyoo ya moyo

Shemeji yangu anaishi Mtwapa, pwani ya Kenya, na kila Desemba tunashukia kwake, watoto kiti cha nyuma na mbwa kwenye buti kwa sababu hapa mtaani Utawala, Nairobi, hatuna wa kumwachia. Mwaka jana, kabla hatujafunga safari, akanipigia simu. "Shemeji, mkija na Chui, hakikisheni amekunywa dawa ya mbu." Mbwa wake mwenyewe alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika, akitembea kidogo anakohoa, na daktari wa huko alikuwa amemtajia minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu.

Chui ni chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Anashinda uani, na usiku anazunguka na mlinzi. Alikuwa na chanjo yake ya kichaa cha mbwa na tembe za minyoo ya tumbo, basi. Nikaanza kuulizia.

Wa kwanza kunishauri alikuwa jirani, Baba Brayo, ambaye ana jibu la kila kitu na mara nyingi ni jibu zuri. "Unahangaikia nini? Nenda agroveti, chukua ivermectin ya ng'ombe, mdunge. Wangu namdunga miaka yote na bado anabweka." Kweli ivermectin huzuia minyoo ya moyo. Ndiyo dawa iliyowapa William Campbell na Satoshi Ōmura tuzo ya Nobel mwaka 2015, na tembe zake za mbwa zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1987. Shida iko kwenye kipimo. Kukinga minyoo ya moyo kunahitaji maikrogramu 6 kwa kila kilo ya mbwa, mara moja kwa mwezi. Ile chupa ya ng'ombe ina miligramu 10 ndani ya mililita moja, na ng'ombe hupewa mililita moja kwa kilo 50. Nilichukua kalamu. Mbwa wa kilo 30 akidungwa kwa hesabu ya ng'ombe atapata mililita 0.6. Kwa hesabu ya kinga anahitaji mililita 0.018. Hiyo ni zaidi ya mara thelathini. Ukiitazama sindano ndogo ya mililita moja, 0.018 haifiki hata mistari miwili midogo. Nani ataipima hiyo, jioni, mbwa anajinyonganyonga?

Isitoshe, kuna mbwa ambao miili yao haiwezi kuizuia dawa hiyo isipenye kwenye ubongo. Ni hitilafu ya kijeni inayopatikana sana kwa Collie na jamaa zake, na baadhi ya German Shepherd wanayo pia. Kipimo cha kinga hakiwadhuru, lakini cha ng'ombe kinaweza kuwaangusha: wanayumba, wanatokwa na mate, wengine wanazimia. Chui nusu yake ni German Shepherd na sijui alirithi nini. Nikamwambia Baba Brayo asante, nitamwona daktari.

Daktari wa mifugo tunayemwendea ni mama mmoja asiyependa haraka. Swali lake la kwanza halikuwa la dawa kabisa: "Huyu mbwa hutoka Nairobi?" Nikamwambia habari ya Mtwapa. Akatikisa kichwa, akanieleza kitu ambacho kilibadilisha namna nilivyokuwa nikilitazama jambo zima.

Mbu akinyonya damu ya mbwa mgonjwa, humeza vitoto vya minyoo. Vitoto hivyo haviwezi kuambukiza mara moja. Lazima vikue kwanza ndani ya mbu, na ukuaji huo unategemea joto. Kwenye nyuzi 27 ni kama wiki mbili. Kwenye nyuzi 18 ni karibu mwezi, na mbu wengi hawaishi muda huo. Chini ya nyuzi 14 ukuaji unasimama. Nairobi iko juu, na usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Kwa hiyo mji wetu unamchelewesha huyu mnyoo, ingawa haumzuii, maana Januari hadi Machi kuna joto la kutosha na madimbwi ya Utawala hatuyapungukiwi. Pwani hakuna hata huko kuchelewa. Mbwa wa Nairobi anayelala wiki kadhaa Mtwapa anaingia kwenye hatari za Mtwapa, kisha anarudi nazo nyumbani.

Mnyoo mwenyewe anaitwa Dirofilaria immitis. Akishaingia kupitia jeraha la mbu husafiri polepole mwilini, na baada ya miezi miwili hivi huanza kufika kwenye mishipa ya mapafu. Miezi sita au saba tangu siku ya kuumwa, amekomaa na anazaa. Jike hufika sentimita 30, na huweza kuishi miaka mitano hadi saba. Daktari alinionyesha picha ya moyo uliopasuliwa, na minyoo wamejaa humo kama tambi zilizochemshwa. Kutibu wakishafika hapo ni sindano za melarsomine kwenye misuli ya mgongo na miezi ya kumzuia mbwa asikimbie. Chui hajawahi kuzuiwa chochote hata kwa siku moja.

Kisha akasema neno ambalo ningependa kila mwenye mbwa alisikie: dawa ya kinga haisimami mlangoni kumzuia mnyoo. Inafagia nyuma. Tembe unayompa leo inaua wale wachanga walioingia katika siku 30 zilizopita. Wakizidi umri huo, kadiri wanavyokua ndivyo dawa inavyowashindwa. Ndiyo maana kumpa tembe moja kabla ya safari na kuacha hakusaidii. Tembe ya maana zaidi ni ile ya baada ya kurudi, na nyingine baada yake.

Kabla ya kuchagua chochote, alimpima. Tone la damu kwenye kibao kidogo cha plastiki, halafu tukangoja mistari. Ukitokea mmoja, kipimo kimefanya kazi na hakuna kitu. Ikitokea miwili, kuna minyoo majike waliokomaa. Kwa Chui ulitokea mmoja. Akaweka tone jingine chini ya hadubini, akanieleza kwa nini hategemei hadubini peke yake: hapa Kenya kuna minyoo wengine ambao vitoto vyao huogelea kwenye damu ya mbwa, kama Dirofilaria repens anayekaa chini ya ngozi, na Brugia patei aliyepewa jina la kisiwa cha Pate kule Lamu. Si kila kinachochezacheza kwenye kioo ni cha moyo.

Sasa njia zenyewe. Niliyoitamani ni sindano ya moxidectin inayokaa mwilini muda mrefu. Marekani walianza na ya miezi sita mwaka 2001, ikaondolewa sokoni 2004 baada ya ripoti za madhara, ikarudi 2008, na ya mwaka mzima ikaja 2019. Kwa mtu mwenye mambo mengi kama mimi hiyo ingekuwa raha. Daktari hakuwa nayo, na hakuonekana kuisikitikia. "Tembe ikimkataa, mwezi ujao simpi. Sindano ikishaingia, imeingia."

Matone ya shingoni, ya moxidectin au selamectin, ni mazuri, na kwa mbwa anayetema kila tembe ningeyachukua. Lakini matone yanataka ngozi kavu na watu wasimguse mpaka yakauke, na binti yangu wa mwisho humkumbatia Chui shingo kabla hata ya kumsalimu mama yake. Ukanda wa shingoni wenye dawa ya kufukuza mbu hupunguza kuumwa tu, hauui mnyoo. Na ukiwa na paka nyumbani, angalia sana bidhaa za mbwa zenye permethrin, zinaua paka. Kitunguu saumu, ambacho nilishauriwa na watu wawili tofauti, ni sumu kwa mbwa. Hilo halikuchukua muda.

Ikabaki tembe ya kutafuna kila mwezi, na humo ndani nikachagua ile yenye milbemycin pamoja na afoxolaner, inayouzwa kwa jina NexGard Spectra. Sababu haikuwa moyo peke yake. Afoxolaner huua kupe na viroboto, na kupe ndio adui wa kila siku hapa kwetu. Nilikuwa tayari nanunua dawa ya kuwaogeshea. Milbemycin hushughulikia minyoo ya tumbo pia, kwa hiyo zile tembe za zamani nikaziacha. Na kuna mnyoo wa koo la chakula, Spirocerca lupi, anayeenezwa na dundu wanaoviringisha mavi. Daktari alisema huyo humwona kwa mbwa wa hapa mara nyingi kuliko wa moyo, na anaweza kuleta uvimbe wa saratani. Milbemycin ikitolewa kila mwezi hupunguza hatari yake. Kwetu ng'ombe na mbuzi hupita kwenye viwanja vitupu kila jioni, na Chui anakula chochote kinachotembea. Nilipopiga hesabu ya vile nilivyoacha kununua, tembe ya mwezi haikuwa ghali kama ilivyoonekana kwenye bei.

Dukani ndipo utumie macho. Niliulizia NexGard Spectra, kijana akanipa NexGard ya kawaida, "ni ileile tu, mkubwa." Si ileile. NexGard ya kawaida, na Bravecto ya kawaida vilevile, ni za kupe na viroboto. Hazina kitu dhidi ya minyoo ya moyo. Soma maandishi madogo utafute milbemycin, moxidectin, selamectin au ivermectin. Usipoona hata moja, rudisha pakiti.

Na uzito. Tembe hizi zimepangwa kwa madaraja: kilo 15 hadi 30 ni moja, 30 hadi 60 ni nyingine. Chui yuko pale pale mpakani. Nilimpima kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu, mtaa mzima ukicheka, ikasoma 31. Ya daktari ikasoma 29.4. Tukafuata ya daktari, na sasa anapimwa kila tunapokwenda, maana sikukuu za Mtwapa na zile samaki za shemeji zinaweza kumvusha daraja.

Anapewa tarehe tano, siku ya kodi ya nyumba, siku ambayo hakuna mtu Nairobi anayeisahau. Anakula kwanza, kisha tembe, kisha nakaa naye uani kuhakikisha haitapiki. Mama watoto huandika kwenye kalenda ya jikoni. Nikiwa safarini mlinzi humpa na kunitumia picha ya karatasi ya tembe ikiwa tupu.

Kipimo cha damu kitarudiwa, kwa kuwa kile cha kwanza kisingeweza kuona mnyoo aliyeingia miezi michache tu kabla, kisha kila mwaka.

Shemeji naye sasa anataka nimshukie na pakiti ya mbwa wake. Nimemkatalia mpaka daktari wake amalize kumpima. Mbwa mwenye vitoto vingi kwenye damu akipewa milbemycin, vinaweza kufa kwa mpigo mmoja na kumtia mshtuko. Amekasirika kidogo, lakini miadi ameshaweka.