Siku moja maishani mwangu: gunia la lumbesa ndani ya PDF

Saa 11 alfajiri

Kitu cha kwanza ninachogusa nikiamka ni simu. Kila siku saa 8 usiku kompyuta iliyoko ofisini hufuta kila ilichozalisha jana yake, kisha huijenga upya makala yetu ya mtama, kuanzia karatasi za data ghafi hadi PDF ya kurasa 19. Ikimaliza salama hunitumia neno moja: imejengwa. Leo imeandika: imesimama, hatua ya 6 kati ya 7.

Usingizi ukaishia hapo.

Mimi ni mtakwimu wa kikundi kidogo cha utafiti wa kilimo hapa Dodoma. Makala inauliza swali ambalo kila mkulima wa huku ana jibu lake: mahali penye msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, ni bora kuinua matuta ya kukinga maji au kuberega, yaani kufyeka na kupanda bila kuitifua ardhi? Tulipaswa kuituma kwa jarida leo jioni.

Saa 12 na nusu

Chai ya rangi, kiporo cha chapati. Bibi wa nyumba ya jirani anafagia uwanja. "Mbukwa, bibi," namsalimia kwa Kigogo changu cha kuazima, naye anacheka na kuniuliza kama ile karatasi yangu ya mtama imekwisha. Namwambia bado. Yeye amelima mtama tangu akiwa binti, na amewahi kuniambia kwamba mwaka wa ndege wa kwelea kwelea usimwulize mtu amelimaje, uliza tu amebakiwa na nini. Bajaji ikafika.

Saa 2 asubuhi

Ofisi bado ina ubaridi wa usiku. Nafungua kumbukumbu za ujenzi.

Kazi ya kuamua nini kifuate nini nimeiachia Make, programu ambayo Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976 kwa ajili ya watu wanaojenga programu nyingine. Make haijui mtama wala takwimu. Inachojua ni saa za mafaili. Ikiona karatasi ya data ni mpya kuliko jedwali lililotokana nayo, hulijenga jedwali upya. Ikiona hakuna kilichoguswa, hukaa kimya. Jikoni ni hivyohivyo: mboga ikiungua hupikwa mboga nyingine, ugali hausongwi mara ya pili. Nimeiandikia hatua 7: kusafisha data, kugeuza vipimo vya kijijini kuwa kilo, kukokotoa, kuchora grafu, kutengeneza majedwali, kukagua sentensi, na mwisho kuunganisha vyote kwa Quarto na LaTeX, programu za kupanga kurasa, mpaka PDF itoke.

Iliyosimama ni hiyo ya sita, ya kukagua sentensi, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ndani ya maandishi yetu hakuna matokeo yaliyochapwa kwa mkono. Pale msomaji atakapoona idadi ya kilo, mimi nimeandika jina la hesabu, na R, programu yetu ya takwimu, huweka jibu wakati wa kujenga. Mwanzoni niliamini hilo linatosha. Halitoshi. Namba hujibadilisha, maneno yanayoizunguka hayajibadilishi. Data zikigeuka, kompyuta itaandika "mavuno yaliongezeka kwa kilo -12", na watu wenye haraka watatuma hivyohivyo. Kwa hiyo kila sentensi yenye dai nimeiwekea mlinzi: mstari mmoja wa R unaotumia amri ya stopifnot, unaosema kwamba kama dai hili si kweli tena kwa data za leo, usijenge chochote, simama, niite.

Usiku mlinzi aliniita. Sentensi aliyoishika ilikuwa kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala: "Katika vijiji vyote, mashamba ya matuta yalizidi ya kuberega."

Saa 3 kasoro

Git, programu inayotunza historia ya mafaili yetu, inaonyesha kilichobadilika tangu jana: mstari mmoja tu kwenye faili la vipimo, umeletwa saa 1 usiku na mkusanya data wetu aliyeko Chamwino. Nampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umebadilisha kilo za gunia la kijiji kile cha mwisho?"

"Ndiyo dada. Lile gunia siyo la kilo mia. Ni lumbesa. Jana nilimwomba mchuuzi mizani yake nikapima matatu kabla hayajapakiwa."

"Yakasomaje?"

"Mia thelathini na moja, mia ishirini na nane, mia thelathini na nne. Nimeweka wastani, na picha za mizani nimeziweka kwenye folda."

Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, lakini mchuuzi anapofika shambani na pesa mkononi, gunia hujazwa kilemba juu na kushonewa kamba. Tulijua hilo. Tulichokuwa hatujakifikiria ni nani hasa anauza hivyo. Wakulima wa matuta pale kijijini wengi wako kwenye kikundi, mavuno yao yalipimwa kwa mizani ya kikundi. Wa kuberega huuza mmojammoja, na walipotutajia "gunia nane" walikuwa wanahesabu lumbesa. Sisi tukaandika kilo 800. Msimu mzima tulikuwa tunawapunja kwenye karatasi kama walivyopunjwa shambani.

Niliposhusha simu nilikaa kidogo bila kugusa kitu. Kama vipimo vingekuwa vimetawanyika ndani ya majedwali, kila mtu na hesabu yake, wastani ule mpya ungeingia kwenye jedwali moja ukasahaulika kwenye mengine manne. Sasa umekaa mahali pamoja: kijiji, kipimo, kilo, nani amepima, lini. Mstari mmoja ukabadilika, na makala nzima ikajua.

Saa 4, chai

Wenzangu huniuliza kwa nini najitesa hivi wakati kunakili na kubandika kunachukua dakika tano. Huwa nawasimulia jambo lililotupata zamani, kwenye kazi nyingine.

Mhakiki aliuliza kwa upole kwa nini jumla ya Jedwali la 2 hailingani na ile ya ikisiri. Tulitafuta wiki tatu. Kulikuwa na mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho sahihi", na hakuna hata moja lililotoa namba tuliyokwisha kuichapisha kwenye rasimu. Ndani ya moja nilikuta shamba la ekari 44,958. Mkulima alisema nusu ekari, karani akaandika 1/2, programu ya majedwali ikaisoma kama tarehe 1 Februari, na tarehe hiyo ya mwaka 2023 ndani ya programu huhifadhiwa kama 44958. Shamba la nusu ekari likawa kubwa kuliko wilaya nyingine za nchi za watu. Makala ile hatukuitoa. Jasho la wakulima waliokaa nasi saa mbilimbili chini ya mbuyu kujibu maswali lilipotea bure, na hilo halijanitoka.

Saa 5

Namfuata kiongozi wa utafiti ofisini kwake.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Imeshatoka?"

Namwonyesha grafu mbili, ya juzi na ya leo. Kwenye kijiji kimoja nukta ya kuberega imepanda ikaipita ya matuta. Anavua miwani, anaangalia kwa karibu.

"Kwa hiyo ile sentensi yetu nzuri imekufa."

"Imepungua, Dokta. 'Vijiji vyote' haiwezi kubaki. Lakini kuna vijiji viwili vingine ambako gunia bado tunalihesabu kilo mia kwa kuambiwa tu, hakuna aliyepima."

Ananyamaza. Najua anafikiria tarehe ya jarida, na mimi pia naifikiria. Kisha anauliza kama mizani ya kikundi inaweza kuazimwa, na mkusanya data wa Chamwino atahitaji nauli kiasi gani. Hapo nikajua hatutumi leo. Akaandika barua kwa mhariri mbele yangu, ya mistari minne, kuomba siku kumi.

Saa 7 na nusu

Ugali wa mtama na mlenda, kwa mama wa pale nje ya geti.

Saa 8 mchana

Umeme ukakatika, na mtandao ukaondoka nao. Kompyuta mpakato ina chaji ya saa tatu hivi, nikaendelea.

Jambo hili wanaofundisha haya kutoka mbali hulipita haraka. Maelekezo mengi ya kujenga makala yanadhani kila ujenzi utapakua upya vifaa vyote mtandaoni. TeX Live kamili, mkusanyiko wenye LaTeX na vifaa vyake, ni zaidi ya gigabaiti 4, na hapa mtu hununua bando kwa siku au kwa wiki. Kwa hiyo nimefungasha kila kitu ndani ya kontena la Docker, kama sanduku lililofungwa na programu zake zote, mara moja: R ya toleo moja, vifurushi vyake, LaTeX, fonti. Kontena lenyewe nimelihifadhi kama faili kwenye diski ya nje na nakala kwenye flashi mbili. Mwenzangu akitaka kuijenga makala hahitaji hata megabaiti moja ya intaneti, anahitaji flashi na saa moja ya umeme. Faida ya pili ni kwamba miaka mitano ijayo vifaa vitakuwa vilevile, hata kama dunia nje imehamia matoleo mengine.

Saa 9 na robo

Mwanafunzi wa uzamili kutoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuja kulithibitisha hilo bila kujua. Ameachiwa hesabu za mtangulizi wake, msimbo uleule wa R, data ileile, hata mbegu ya bahati nasibu, yaani namba inayoanzisha uchaguzi wa kubahatisha, ni ileile, 123, lakini sampuli ya kaya inayotoka siyo iliyoandikwa kwenye tasnifu ya kwanza. Alikuwa ameanza kuamini mwenzake alidanganya.

"Kaka, yeye alitumia R toleo gani?"

Hajui. Tukaangalia tarehe ya tasnifu: 2018. R 3.6.0, iliyotoka mwaka 2019, ilibadilisha namna sample(), amri ya kuchota sampuli, inavyochagua, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa na upendeleo mdogo. Nikamwonyesha namna ya kuirudisha ile ya zamani kwa kuandika sample.kind = "Rounding". Akaendesha. Kaya zilezile, kwa mpangilio uleule. Kijana aliegemea kiti akashusha pumzi. Kosa pekee la mtangulizi wake lilikuwa kutoandika toleo, na karibu limgharimu jina lake.

Saa 11 jioni

Umeme umerudi. Sentensi mpya imeingia na mlinzi wake: sasa inadai tu vile vijiji ambavyo vimepimwa kwa mizani, na idadi yake inahesabiwa kutoka kwenye faili la vipimo. Make ikarudia hatua zilizoguswa tu, dakika 4.

Kisha jaribio la mwisho. Najenga kwenye kompyuta mbili, nachukua alama ya sha256 ya kila PDF, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili. Hazilingani. Nilishituka, halafu nikakumbuka: PDF hubeba ndani yake saa iliyozaliwa, kwa hiyo hata pacha huonekana tofauti. Kuna kigezo kinachoitwa SOURCE_DATE_EPOCH kinachoiambia LaTeX itumie saa unayoipa badala ya saa ya ukutani. Huwa nakipa saa ya badiliko la mwisho ndani ya Git, lakini kwenye kompyuta ya pili kilikuwa hakijawekwa. Nikakiweka, nikajenga tena.

Herufi na tarakimu 64 juu, 64 chini. Nilizisoma moja moja kwa kidole kwenye kioo, ingawa kuna amri ya kuzilinganisha. Zote sawa.

Saa 1 usiku

Niko nyumbani, upepo wa Dodoma unagonga bati. Mkusanya data wa Chamwino anapiga.

"Dada, nimeambiwa mizani imepatikana. Kesho nakwenda na basi la saa 12 asubuhi, vijiji vyote viwili. Nipime mangapi?"

"Pima hata kumi kila kijiji, kama wataruhusu. Na waulize wameuza wapi."

"Na kama na huko ni lumbesa?"

"Tutaandika hivyo."

Nimefungua faili la vipimo nikaongeza mistari miwili: jina la kijiji, gunia, na sehemu ya kilo nimeiacha wazi. Saa 8 usiku mlinzi atazikuta hizo nafasi tupu, na ujenzi utasimama tena. Nimeweka simu kwenye chaji mbali na kitanda.